Kiangazi cha Ndege ya Mwamvuli

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imekata. Tukuyu nzima wanamshukuru Mungu, kasoro mimi fundi miamvuli. Leo nimekaa kibarazani sokoni toka asubuhi, mteja mmoja tu, na yeye alikuwa anauliza choo kiko wapi. Tamimu mshona nguo, jirani yangu wa kibaraza, kanitupia hii dayari aliyopewa na duka la mbolea. Kasema, "Obed, utani wako andika humu, mimi masikio yamejaa." Haya dayari, umeozeshwa kwangu bila kuulizwa. Shule niliishia darasa la tano, ukiona herufi imelala isimamishe mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Baridi. Kazi hakuna.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nikwambie ya nyumbani. Tunakaa Masoko, kwenye mji wa baba yangu, mzee Ambindwile. Mama alishafariki, kaka zangu wote wametawanyika, mimi kitinda mimba ndiyo nimebaki naye. Mimi na mke wangu Winfrida.

Sasa kwetu kuna kitu kinaitwa ukutila. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye, hapiti anapopita, hamsalimii, jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameacha, mjini huko wanakula meza moja na kugombania paja la kuku. Lakini baba ni wa zamani, na Winfrida kalelewa na bibi yake ambaye alikuwa wa zamani kuliko baba. Kwa hiyo mke wangu akitoka na ndoo akasikia baba anakohoa, anaingia migombani na ndoo kichwani. Chakula cha mzee anakiweka kwenye kigoda mlangoni, anagonga mfuniko wa sufuria, anakimbia. Nawaambiaga watu sokoni, mimi nimeoa mwanamke lakini majirani wanadhani nimefuga digidigi.

Leo kakimbilia kwenye upupu. Mikono yote imevimba. Namsugua majivu, namwambia, "Angalau sasa una misuli." Hakucheka.

Akasema, "Obed, nimechoka kuishi kama mtu aliyeiba. Tafuta chumba Makandana, huko mjini. Baba yako nitampikia, nitamletea kila siku, simkatai. Ila nilale mahali naweza kusimama wima. Kiangazi hiki kikiisha bado tuko hapa, mimi narudi kwetu Masukulu. Na sirudi."

Nikamwambia kiangazi kikiisha ndiyo miamvuli inaanza kuharibika, nani anakimbia mume msimu wa mavuno? Akageukia ukutani.

Jumatatu, 10 Juni

Mchongo! Kaja jamaa anaitwa Lusungu, anafundisha ufundi chuo kimoja Mbeya, anataka vitambaa vya miamvuli mibovu. Nikamuuliza vya nini. Anatengeneza ndege ndogo, mabawa marefu kama mikono ya kipa, zinaongozwa kwa rimoti na hazina injini. Nikamwambia, "Ndege haina injini? Kaka, hiyo ni mwamvuli umetoroka." Kacheka mpaka kakaa chini. Mwezi wa nane kuna mashindano ya kirafiki kwenye kilima cha juu ya Masukulu, watakuja wa Mbeya na wa Njombe. Tumekubaliana mimi nitamfunikia mabawa. Tamimu atashona.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Pilau kwa kina Tamimu. Nimekula mpaka mkanda umeomba msamaha.

Jumamosi, 22 Juni

Tulipanda kilimani kujaribu. Winfrida alikuja kwa sababu kwao ni pale chini tu, alitaka amsalimie mama yake.

Dayari, ile kitu inafanya kazi. Upepo unatoka ziwani, unagonga kilima, hauna pa kwenda, unapanda. Ndege unaitupa tu kwa mkono pale ukingoni, inakalia ule upepo. Inaganda. Haishuki. Ile ya kwetu nimeifunika kitambaa chekundu cha mwamvuli wa mama mchungaji, hajui bado.

Lusungu akanipa rimoti, nikaipeleka ndege moja kwa moja kwenye mti. Tamimu akapewa, akaipeleka kwenye mti uleule. Winfrida anakuja na sufuria la ndizi na maharage, Lusungu kwa utani tu akamwambia, "Shemeji, na wewe tafuta mti wako." Akashika. Ndege ikaenda, ikarudi, ikapita juu ya vichwa vyetu na kale kasauti ka shwii, ikaenda tena.

Lusungu akaacha kutafuna. "Huyu ulimtoa wapi?"

"Masukulu hapo chini. Walinipa bila kujua thamani."

Lakini mimi nilikuwa siiangalii ndege. Namwangalia mke wangu. Kanga kaifunga kiunoni, kichwa kakiinua, upepo wote usoni, na anacheka kwa sauti. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumuona nje akiwa kainua kichwa hivyo. Kwetu shingo yake inaangalia miguu.

Jumamosi, 29 Juni

Vituko. Sheria ni hivi, ndege mbili zinakimbizana kati ya bendera mbili, na ukifika kwenye bendera lazima upige kelele "Napinda!" ili mwenzako asikugonge. Winfrida anafika kwenye bendera, kimya. Lusungu anapayuka, "Shemeji, sema napinda!" Kimya. Mara ya tatu Lusungu kaja juu, "Kwani hilo neno lina miiba?"

Ikabidi nimwelezee. Baba ni Ambindwile. Pindu, pinda, bindu, yote hayo kwa Winfrida ni jina la mkwe, haligusi hata kwa Kiswahili. Nyumbani shuka hapindi, anakunja. Mgonjwa hapindui, anageuza.

Tamimu hoi, "Kwa hiyo nikishona pindo la gauni lake?"

Winfrida akamjibu, "Utashona ule ukingo wa chini, fundi. Na ukikosea utaurudia."

Lusungu kakubali aseme "Nageuza!" Basi kilima kizima kikawa kinasikia nageuza, nageuza. Alikuwa na furaha sana.

Jumatano, 3 Julai

Ukungu. Hata kibaraza changu sikioni.

Alhamisi, 4 Julai

Ukungu.

Jumamosi, 13 Julai

Tulifanya mazoezi. Tukirudi, tumekaribia kabisa nyumbani, Winfrida akashusha kanga kutoka kiunoni akaipandisha kichwani, na shingo ikashuka yenyewe. Niliiona ikishuka. Nilikuwa na utani mdomoni nikaumeza, ndiyo mara ya kwanza mwaka huu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimekiona chumba Makandana. Kizuri, kina dirisha kubwa na kibaraza cha miamvuli yangu. Mwenye nyumba mama mmoja mpole. Nilitaka nimwambie Winfrida leoleo, nikafika nyumbani nikamkuta baba anakohoa, kajikunja pembeni ya moto peke yake. Nikaona nisubiri apone. Winfrida akaniuliza, "Vipi Makandana?" Nikamwambia Makandana ipo, haijahama.

Jumapili, 28 Julai

Baba kanishangaza. Mimi nilikuwa najua anatudharau na hizi ndege, mwanzo alisema ni mambo ya watoto. Leo tumetoka kanisani, kaniita pembeni.

"Obedi mwanangu, ni kweli wanayosema? Anairusha mpaka inasimama hewani?"

"Ni kweli, tata. Kama kipanga."

"Na wanaume anawashinda?"

"Mpaka walimu."

Akawa anafinyanga kofia yake. "Wa kwangu huyo," akasema. Halafu, "Ningependa kuona."

Nikacheka. "Njoo siku ya mashindano, tata. Jifiche kwenye mikaratusi kama usalama wa taifa, hatakuona."

Na yeye akacheka. Nikadhani yameishia hapo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Tamimu kashona bawa jipya. Baba kapona kikohozi. Kesho nitaenda kwa yule mama wa chumba.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikwenda. Kulikuwa na mteja.

Jumatatu, 12 Agosti

Winfrida hajaniuliza tena habari za chumba. Nimeona ni amani. Tamimu kasema mwanamke akiacha kuuliza siyo amani. Nikamwambia wewe shona.

Jumamosi, 17 Agosti, imeandikwa Jumapili

Jana sikuweza kuandika.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Jua, upepo safi. Wa Njombe walikuja na gari ndogo, wa Mbeya na lingine. Watu wa Masukulu walipanda kuangalia, akina mama wanauza mahindi ya kuchoma, mama mkwe wangu kakaa na wenzake kwenye majani, na Meshaki, kaka yake Winfrida, anajifanya msemaji wa familia. Mashindano yenyewe ya kirafiki, zawadi sufuria kubwa, lakini kelele kama fainali ya taifa. Na mimi ndiyo mtangazaji, nani mwingine? Nimeshika spika ya mchungaji, nachekesha watu, nawaambia wa Njombe ndege yenu ina baridi, ivalisheni sweta.

Winfrida akamtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Kila bendera, "Nageuza!" na Masukulu wanaitikia, "Geuzaaa!" Mama yake alikuwa anapiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka.

Fainali akabaki yeye na kijana mmoja wa Njombe wa miwani, mstaarabu tu. Ndege zinakwenda, zinarudi. Ile nyekundu ya kwetu ilikuwa mbele. Amesimama pale ukingoni, kichwa juu, upepo unapiga gauni, na mimi kwenye spika nasema, "Mnamuona huyo? Huyo analala kwangu!" Watu wanacheka.

Sasa baba. Mimi sikujua yupo. Kumbe alikuja kwa mguu kutoka Masoko, kazungukia nyuma ya kilima, kasimama kwenye mikaratusi kama nilivyomwambia kwa utani. Kavaa suti ya kanisani. Alikuwa kajificha vizuri kabisa. Angeona, angeondoka, hakuna mtu angejua.

Tamimu ndiye aliyemuona. Kwao ni watu wa kuja, baba yake alitoka pwani, mambo yetu anayajua kwa kuyachekea tu. Yeye kaona mzee wa watu kasimama vichakani wakati viti vipo. Akaenda kwa heshima zote, akamshika mkono. Nikasikia sauti yake, "Mzee wangu, shikamoo! Mbona unajibanza kama mwizi wa parachichi? Njoo mbele umuone mkweo!" Baba anakataa, anavuta mkono, Tamimu anadhani ni adabu, anazidi kumvuta. Wakatokea kwenye uwazi, hatua chache nyuma ya Winfrida.

Baba akasema, "Niache, mwanangu, niache."

Winfrida aliisikia hiyo sauti. Hakugeuka kuangalia. Rimoti aliiachia ikaanguka, akavuta kanga kutoka kiunoni, akajifunika kichwa chote na uso, akachuchumaa palepale ukingoni. Ndege haina mtu. Ikainua pua, ikasimama kidogo kama inauliza, halafu ikalala upande ikaenda chini, chini, kwenye migomba ya Masukulu.

Watu wote, "Aaaa!"

Na mimi spika ninayo mkononi. Dayari, sikufikiri. Ulimi wangu unatangulia, mwenyewe unajua. Nikasema kwenye spika, "Jamani, rubani karuka na parachuti!"

Kilima kizima kikacheka. Wa Mbeya, wa Njombe, wauza mahindi. Walicheka sana, ni kweli ilikuwa inachekesha, mtu kajifunika kanga imejaa upepo. Tamimu tu ndiye kashika mdomo, na baba kasimama anaangalia chini. Na mama mkwe wangu alikuwa ananiangalia mimi.

Winfrida akanyanyuka, bado kajifunika. Akatembea kufuata ukingo, akaanza kushuka kule ndege ilikoangukia. Nikasema moyoni anaifuata ndege, ataileta, nitamtania kidogo yataisha. Tukasubiri. Lusungu akamtangaza Winfrida wa pili, watu wakapiga makofi. Tukasubiri. Nikaanza kushuka, nikakutana na Meshaki anapanda na ndege, bawa moja linaning'inia.

"Shemeji," akasema, "ndege yenu hii hapa. Dada amesema anapumzika nyumbani."

"Atapumzika mpaka saa ngapi?"

Akaniwekea ndege mikononi taratibu kama mtu anayekabidhi mtoto.

Jumatatu, 19 Agosti

Sokoni sikwenda. Tamimu kaja mpaka Masoko, kalia mbele yangu mtu mzima yule, "Obed nilimkosea, nilidhani namkirimu mzee." Nikamwambia siyo wewe. Na jana nilikuwa nishamtukana moyoni mpaka nimechoka.

Baadaye nikamgeukia baba. Nilikuwa na hasira naye tangu juzi. Nikamuuliza, "Tata, ulikuja kufanya nini kule?"

Alikuwa anamenya ndizi mwenyewe, vibaya, anakata mpaka nyama ya ndani. Akasema, "Tangu umlete hapa nimeona kisigino chake tu. Nakula mkono wake kila siku na simjui. Nikasikia huko juu anasimama kainua kichwa. Nikataka nione mara moja, halafu niende zangu."

"Uliona?"

"Kabla yule rafiki yako hajanishika, niliona. Anasimama vizuri."

Akaendelea kumenya. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Jumatano, 21 Agosti

Nimekwenda Masukulu. Walinipa uji. Winfrida hakutoka ndani.

Jumapili, 25 Agosti

Nimekwenda tena. Uji tena.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimechukua kile chumba Makandana. Nimepaka chokaa, nimeweka kitanda, Tamimu kashona pazia, ukingo wa chini kaurudia ili ukae sawa. Baba mwenyewe ndiye kanisukuma. "Nenda, kaeni huko. Mimi nitakula hata kwa jirani."

Jumapili, 8 Septemba

Leo alitoka. Tulikaa nje kwao, mama yake kaingia ndani kutuachia nafasi. Nikamwambia chumba kipo, ufunguo huu. Nikamwambia dirisha kubwa, asubuhi jua linaingia lenyewe bila hodi.

Akauangalia ufunguo, hakuushika.

"Kilikuwepo tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Tangu Julai," nikasema.

"Julai nilikuuliza."

"Baba alikuwa anakohoa, Winfrida."

"Ungeniambia anakohoa. Mimi ndiye niliyekuwa namchemshia dawa." Akauangalia tena ufunguo. "Obed, mimi kukimbia simlaumu baba yako. Na yeye alikuwa anakimbia, ulishawahi kuliona hilo? Anakohoa mapema makusudi ili nisikie nipate nafasi ya kupita. Tulikuwa tunaheshimiana sisi wawili. Wewe ulikuwa katikati unachekesha watu."

"Ile ya kilimani ulimi uliteleza."

"Kule juu nilikuwa na mahali pamoja tu duniani. Palipoharibika nikasema moyoni, mume wangu yupo, atakuja anisimamie mbele yao. Nimejifunika, sioni, nasikiliza miguu yako inakuja. Nikasikia spika."

Nilitafuta cha kusema. Mimi, dayari, ambaye nimewahi kumuuzia mtu mwamvuli usio na kitambaa kwa maneno matupu. Sikupata hata neno.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimelala Makandana peke yangu. Jua kweli linaingia.

Jumatatu, 23 Septemba

Imenyesha. Wateja foleni. Mama mmoja kaniuliza, "Fundi leo mbona hutuchekeshi?" Nikamwambia spea zimeisha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Winfrida alileta taarifa kupitia Meshaki kwamba atakuja Masoko kuchukua vitu vyake. Nikaenda mapema, nikafagia uwanja. Nikamwambia baba, na baba akanyoa ndevu, akavaa lile koti lake kubwa, akakaa barazani. Nikamwambia, "Tata, anakuja, ingia ndani." Akasema hapana, leo nitamwomba abaki, hata kama ni kwa kumpa mgongo.

Walikuja na bodaboda. Winfrida akaingia chumbani, akakunja nguo zake, akachukua vyombo alivyokuja navyo. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika fremu. Hakuchukua muda. Akatoka, akampa Meshaki mzigo aufunge.

Halafu badala ya kuelekea njiani, akaelekea barazani.

Nikadhani bado hajamuona baba. Nikataka nikohoe, nimstue. Lakini alikuwa ameshamuona. Alikuwa anatembea wima, kanga kiunoni, kichwa kakiinua vilevile kama kule kilimani, anamwangalia baba usoni. Akafika mbele yake, akapiga goti kidogo, akanyosha mkono.

"Mugonile, tata," akasema. Sauti nzuri tu, ya upole, kama mtu anavyomsalimia mzee yeyote wa kijijini.

Mimi sikuelewa mara moja. Kuna sekunde nilifurahi. Nikasema ndani yangu, ameacha mila, ameona ni ujinga, atabaki.

Baba alielewa kabla yangu. Niliona uso wake unavunjika. Hakuupokea ule mkono. Yule mzee, na magoti yake yale, alinyanyuka, akavuta koti akajifunika kichwa na uso, akageuka, akashuka barazani anapapasa hewa kama kipofu, akaingia migombani. Alijikwaa, akaendelea. Alikataa kusalimiwa. Akisalimiwa, basi siyo mkwe wake tena.

Winfrida alibaki kanyosha mkono. Akaushusha, akanipita karibu kabisa, akasema, "Mwangalie, asikae kwenye umande." Akapanda bodaboda nyuma ya mzigo. Meshaki akanipungia mkono. Wakaondoka.

Nilisimama uwanjani mpaka mlio ukaisha kwenye kona. Migomba ilikuwa imetulia, simuoni baba yuko wapi. Halafu nikamsikia, sauti ndogo, bado iko ndani ya koti.

"Obedi. Ameshapita?"

Nikamwambia, "Ameshapita, tata."

Hakutoka. Nikaingia humo humo migombani, nikamkuta kachuchumaa, nikachuchumaa pembeni yake.